Kruza Yako Haina Pa Kuweka Unga? Ongeza Nafasi ya Mizigo Bila Kuumia Barabarani Wala Mfukoni

Kruza ni pikipiki ya kupendeza, hilo hatubishani. Kiti kiko chini, miguu imenyooka mbele, usukani umerudi karibu na mikono yako na tangi limechongwa kama tone la maji. Ukipita nayo Ngong Road jioni, watu wanageuka kuangalia. Lakini simama dukani ununue unga paketi mbili, mafuta ya kupika, mkate na maziwa, ndio utagundua kwamba aliyeichora hakuwa anafikiria jikoni kwako. Keria hakuna, boksi hakuna, na chini ya kiti kuna nafasi ya karatasi za bima na spana mbili tatu tu.

Wenye Boxer na TVS hawana hii shida sana. Zile pikipiki huja na kiti kirefu na keria ya chuma kwa sababu zimetengenezewa kazi. Kruza imetengenezewa safari na raha. Kwa hivyo wengi wetu tunafanya nini? Tunatundika mfuko kwenye usukani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, tunatundika ile ya kitambaa au ya karatasi. Ya karatasi ikinyeshewa inapasuka hapo hapo. Ya kitambaa inayumba, na siku moja inaweza kuingia kwenye gurudumu la mbele au kuzuia usukani kugeuka pale unapohitaji kumkwepa mtu. Hiyo si hasara ya mayai peke yake.

Habari njema ni kwamba kruza inaweza kugeuzwa ikawa pikipiki ya kila siku, na huhitaji kutoa pesa zote kwa mkupuo. Siri ni kufuata mpangilio: jua mzigo kwanza, chagua boksi baadaye, kisha lipa kwa hatua. Wengi wanaanza na boksi, kwa sababu wameliona kwa pikipiki ya mtu na likawavutia. Hapo ndipo pesa hupotea.

Anza na simu yako, si na duka la spea

Kabla ya kununua chochote, fungua taarifa ya miamala yako ya mwezi uliopita na uisome taratibu. Itakuonyesha kitu ambacho kumbukumbu yako haitakwambia: umesimama wapi, mara ngapi, na ulinunua nini. Supermarket mara nne. Mama mboga karibu kila jioni. Duka la dawa mara moja. Gesi mara moja.

Sasa gawanya vitu katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vya kila siku: koti la mvua, laptopu, chakula cha mchana, kufuli, na kama hubeba mtu, helmeti na jaketi ya rifleksi ya abiria. Hivi viwili vya mwisho si mapambo. Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wake wote wavae helmeti na jaketi yenye rifleksi, na abiria ni mmoja tu. Kwa hivyo ukimchukua mtu stejini jioni, asubuhi ulihitaji pa kuweka helmeti yake.

Kundi la pili ni vya mara kwa mara: shopping ya wiki, mboga, labda nguo za dobi.

Kundi la tatu ni vya mara moja moja: mtungi wa gesi, gunia la viazi, godoro la mtoto. Hili kundi lisikusumbue. Usitengeneze pikipiki yako kwa ajili ya godoro la Desemba. Mlipe boda wa mizigo au tuktuk siku hiyo, utakuwa umeokoa pesa na mgongo.

Boksi lako linafaa kutosha kundi la kwanza kila siku, na kundi la pili ukijibana kidogo. Zaidi ya hapo unabeba chuma tupu.

Pima kwa paketi za unga

Kila pikipiki ina kikomo cha uzani ambao mtengenezaji ameruhusu. Kiko kwenye kitabu cha maelezo, na mara nyingi kwenye kibandiko au kibati kwenye fremu. Watu wengi hudhani hicho kikomo ni cha mizigo peke yake. Sivyo. Kinahesabu wewe, abiria, mavazi yenu, keria, boksi lenyewe, halafu ndio mizigo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme pikipiki yako inaruhusiwa kubeba kilo 180 juu ya uzani wake. Wewe una kilo 75 na abiria ana 65. Hapo ni 140, zimebaki 40. Keria na maboksi mawili ya chuma yanachukua 12. Zimebaki 28. Paketi moja ya unga ni kilo mbili, kwa hivyo umebakiwa na paketi 14. Bale moja ya unga ina paketi 12, yaani kilo 24. Ukiweka bale moja na mtungi mdogo wa maji, tayari umepita.

Tena kumbuka kruza yenyewe si nyepesi. Kwa mfano Meteor 350 ya Royal Enfield, iliyotoka mwaka wa 2020, ina uzani wa kilo 191 na tangi la lita 15. Kiti kikiwa chini unajisikia uko imara, lakini ukisimama kwenye mteremko wa changarawe na boksi limejaa upande mmoja, hizo kilo zote zinakuja kuegemea mguu wako mmoja.

Mzigo ukae chini na karibu nawe

Hapa ndipo kuna maisha ya mtu, kwa hivyo twende polepole.

Mzigo mzito unafaa kukaa chini na katikati ya pikipiki, karibu na mwendeshaji. Ukiupandisha juu na kuusukuma nyuma kupita ekseli ya gurudumu la nyuma, unafanya kama mtu anayekaa mwisho wa bembea ya ubao: mbele kunainuka. Gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani unaanza kucheza ukiongeza mwendo, na breki ya mbele haishiki lami vile inafaa. Kwenye Thika Road ukipishana na lori, upepo wake pekee unatosha kukuyumbisha. Kisha ongeza matuta yetu. Kila tuta linainua boksi la nyuma na kulirudisha kwa kishindo, na hicho kishindo kinaishia kwenye bolti za keria.

Kwa hivyo unga, sukari, kufuli na spana ziende kwenye mifuko ya pembeni, chini kabisa. Boksi la juu liachie vitu vikubwa lakini vyepesi: helmeti, jaketi, mkate, nguo. Pande mbili zilingane uzani, au zikaribiane. Ukibeba kilo sita kulia na moja kushoto, pikipiki itakuvuta safari nzima, na mikono yako ndiyo itakayochoka kuirudisha.

Ni mfuko gani unakufaa?

*Mifuko ya pembeni.* Lamu, ambako punda bado wanabeba mawe na mchanga, Waswahili wana neno lake: shogi, ule mfuko mkubwa unaolala mgongoni mwa punda na kuning'inia pande zote mbili. Mifuko ya pembeni ya kruza ni shogi hasa, na kruza inaivaa vizuri kuliko pikipiki nyingine yoyote. Kuna ya ngozi, ya turubai na ya plastiki ngumu. Ya ngozi ndiyo inayopendeza zaidi, lakini inataka kupakwa mafuta na haipendi kulowa. Ya turubai ni rahisi na mepesi. Ile ngumu inafungwa kwa ufunguo na haiingii mvua kwa urahisi, ila bei yake iko juu.

Kuna mitego mitatu hapa. Kwanza, bomba la moshi. Nailoni ikigusa bomba lenye moto inayeyuka, na ngozi inakauka na kupasuka. Acha nafasi ya upana wa kiganja angalau, au weka kikinga joto. Pili, indiketa. Kruza nyingi zina indiketa za nyuma pale pale mfuko unapotaka kukaa. Mfuko ukizifunika, aliye nyuma yako hajui unakata kona. Inabidi zisogezwe. Tatu, gurudumu na shokabu. Mfuko laini usio na chuma cha kuushikilia hujikunja ndani ukiwa tupu, na ukinaswa na gurudumu linalozunguka utaanguka. Usinunue mifuko laini bila vyuma vya kuishikilia kila upande. Vyuma hivyo ni lazima.

*Boksi la nyuma.* Hili ndilo la kazi. Lita 30 na kidogo huwa zinatosha helmeti moja inayofunika uso wote. Ukitaka helmeti mbili, tafuta la lita 45 hivi. Linafungwa kwa ufunguo na linampa abiria pa kuegemea, lakini si pa kumfunga wala kumshikilia, kwa hivyo bado ashike vizuri. Ubaya wake tumeshausema: liko juu na liko nyuma. Nunua dogo kuliko unavyotamani, maana boksi kubwa lina tabia ya kujaa.

*Mfuko wa juu ya tangi.* Uko mahali pazuri kabisa kwa uzani, karibu na wewe. Ile ya sumaku inashika tangi la chuma tu. Panguse tangi kwanza, la sivyo vumbi litakwaruza rangi. Hakikisha pia usukani unageuka mpaka mwisho pande zote mbili bila kuugusa.

*Neti na mipira.* Neti ya mizigo inagharimu kidogo na inakunjwa ndani ya mfuko. Ile mipira iliyokatwa kwa tyubu ambayo boda wetu hutumia inashika vizuri sana, lakini usiache ncha inaning'inia karibu na mnyororo.

Na begi la mgongoni? Kwa laptopu ya safari fupi, sawa. Kwa unga kilo nne kutoka mjini hadi Rongai, mabega yako yatalalamika, na ukianguka hutaki kitu kigumu kwenye uti wa mgongo.

Mahali pa kununua na pa kutengenezewa

Ukiwa Nairobi, una bahati. Kamukunji kuna mafundi wa jua kali wanaokunja bati na kutengeneza yale masanduku ya shule ya bweni tuliyoyajua sote. Fundi anayeweza kutengeneza sanduku linalomaliza miaka minne ya sekondari anaweza kukutengenezea boksi la pikipiki. Gikomba kuna mifuko ya mitumba ya turubai na ngozi inayoweza kushonwa upya. Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanaita Grogan, kuna spea. Kwa kazi ya ngozi, pita Soko la Kariokor. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hivyo ukienda huko kutafuta cha kubebea mzigo, umefika kwa wenyewe.

Fundi wa keria ndiye muhimu kuliko wote. Ongea naye hivi:

"Fundi, hii keria utaishikilisha wapi?"

"Nitaichomelea tu hapa kwa chasisi, boss. Haitatoka maisha yako yote."

"Hapana, fundi wangu. Nataka ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyoko."

"Hiyo ni kazi ya siku mbili."

"Basi nipe siku mbili, sina haraka."

Simama hapo hapo, usibembelezwe. Kuchomelea kwenye fremu kunaupasha chuma moto na kunaweza kukidhoofisha pale pale panapobeba mzigo. Pia unaweza kupoteza waranti, na ukitaka kuiuza pikipiki baadaye, mnunuzi ataona kovu. Keria yenyewe ichomelewe mezani, mbali na pikipiki, halafu ifungwe kwa bolti zenye nati za kujikaza. Kama kuna kazi ya kuchomelea ambayo lazima ifanyiwe kwenye pikipiki, betri itolewe waya kwanza.

Mwambie pia aliyekukatia bima kwamba umeongeza vyuma na maboksi. Ni simu ya dakika mbili, na inakuepusha na maswali siku ya madai.

Sasa tuje kwa pesa

Tuseme mpango wako wote, yaani vyuma, mifuko na kazi ya fundi, umekuja 15,000. Huu ni mfano, bei ya kwako itategemea fundi na vifaa. Ukiweka kando shilingi 125 kila siku kwenye akiba ya simu yako, siku 120 zinatosha. Na kama hutaki kungoja miezi minne, gawanya kazi: vyuma vya pembeni na mifuko kwanza, boksi la nyuma baadaye. Ukishaendesha mwezi mmoja na mifuko peke yake, huenda ukagundua boksi hulihitaji.

Fundi atataka deposit, na hiyo ni haki yake, kwa sababu chuma hakinunuliwi kwa ahadi. Lakini lipa kwa hatua tatu:

1. Deposit ya vifaa pekee. Katika mfano wetu, 6,000.
2. Malipo ya pili, 5,000, baada ya keria kujaribiwa kwenye pikipiki na kukaa sawa, kabla haijapakwa rangi.
3. Salio la 4,000 ukishaendesha mzunguko mmoja na kurudi umeridhika.

Hiyo elfu nne ya mwisho ndiyo inayomfanya fundi akupokee vizuri ukirudi kusema bolti moja inapiga kelele.

Kila ukilipa, zingatia haya:

- Mtumie fundi ujumbe mfupi kabla ya deposit: kazi ni ipi, bei ni gani, itaisha lini. Akijibu "sawa", una makubaliano ya maandishi.
- Akiwa na nambari ya till, tumia till. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukiambiwa unamlipa fundi wa keria halafu jina linalotokea hulijui, simama uulize.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako.
- Ukinunua boksi kwa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, omba kulipa ukilishika mkononi. "Tuma deposit sasa hivi, wateja watano wanalingoja" si sababu ya kutuma. Boksi zuri litakuwepo hata kesho.
- Ukikosea nambari, omba pesa irudishwe mara moja kupitia huduma rasmi. Mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha kunakuwa kazi ngumu. Na mtu akikupigia kusema anakusaidia kurudisha pesa lakini anahitaji PIN yako, kata simu.

Na wewe fundi unayesoma hapa: usiachilie boksi kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Angalia ujumbe wako mwenyewe, halafu angalia salio. Ujumbe feki unaandikwa na mtu yeyote, lakini salio halidanganyi.

Kabla ya kujaza boksi

Endesha kwanza likiwa tupu, mahali pasipo na magari mengi. Pinda kulia na kushoto, kanyaga breki, pita tuta taratibu. Sikiliza. Kisha weka nusu ya mzigo, urudie. Baada ya safari chache za kwanza kagua bolti zote, kwa sababu vyuma vipya hujikalisha na nati hulegea. Ukibeba mzigo kamili, ongeza upepo wa magurudumu na kaza springi za shokabu kama kitabu kinavyosema. Upepo upimwe magurudumu yakiwa baridi. Mwisho, simama nyuma ya pikipiki hatua kumi na uhakikishe unaona taa, indiketa na namba pleti bila kuinama.

Mvua nayo usiichukulie poa. Zipu si kinga ya maji. Ndani ya mfuko wa pembeni weka mfuko mwingine usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo, na vitu vya karatasi viende humo.

Na kuna vitu ambavyo havifai kubaki kwenye boksi hata likiwa na kufuli ya aina gani: simu, kitambulisho na kadi za benki. Mfuko laini unakatwa kwa wembe kwa sekunde chache mbele ya supermarket, na boksi linaweza kung'olewa. Unga ukiibwa, umepoteza unga. Simu ikiibwa pamoja na kitambulisho, mwizi amepata laini yako na jina lako, na anaweza kujaribu kuingia kwenye akiba yako. Vibebe mwilini, kwenye mfuko wa ndani wa jaketi. Ikitokea vimepotea, azima simu ya mtu ufunge laini kabla hata hujaenda kuandikisha taarifa polisi. Andika nambari ya huduma kwa wateja kwenye karatasi na uiweke pamoja na karatasi za bima, pale chini ya kiti. Hiyo nafasi ndogo iliyokuja na kruza inatosha kwa hilo.

Jioni ya leo usinunue kitu. Fungua taarifa yako ya mwezi, hesabu ulisimama dukani mara ngapi, na ubadilishe kila mzigo kuwa paketi za unga. Ukishapata hiyo nambari, utaenda kwa fundi ukijua unachotaka, na utamlipa ukijua unalipia nini.